Chumba Alichonitengenezea Anko Simiyu

Gari la Anko Simiyu lilinukia ngozi mpya. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na hadi siku ile magari niliyoyajua yalinukia chipsi, makoti yaliyolowa na dawa ya kusafishia viti, kwa sababu yote yalikuwa mabasi. Ilikuwa Jumapili mwanzoni mwa Aprili. Tulikuwa tumetoka ibada ya Wakenya katika ukumbi mmoja wa Kings Heath, tumesimama kituoni baba, mama na mimi, na ile mvua ya Birmingham, isiyonyesha sana wala kukoma, ikitupiga ubavuni. Gari jeusi likasimama, kioo kikashuka, na mwanamume mwenye mvi chache na suti ya kijivu akaita, "Risi!" Hakuna mtu Uingereza nzima aliyemwita mama hivyo. Kwa baba alikuwa Mama Nanjala, kanisani alikuwa Dada Rispa, na kwa wazee wa Kiingereza aliowaogesha na kuwalisha kazini alikuwa jina lolote waliloamka nalo asubuhi hiyo. Mama hakuitika. Alinishika mkono, msichana mzima mimi, kama mtu anayemvusha mtoto barabara.

Baba ndiye aliyemjibu. "Simiyu wa Kitale! Kumbe na wewe uko nchi hii?" Tukaingia garini. Njia yote hadi Acocks Green wanaume wawili walizungumza habari za nyumbani, nani amefariki, nani amejenga, shule gani imeungua, na mama aliyeketi nyuma pamoja nami alitazama dirishani tu. Tulipofika, Anko Simiyu aliitazama nyumba yetu, nyumba nyembamba iliyobanwa kati ya wenzake karibu na stesheni, akaitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akatualika kwake Jumamosi. Baba akakubali kabla mama hajafungua mlango wa gari.

Muhula ule tulikuwa tukisoma shuleni riwaya moja ya zamani ya Kimarekani, mojawapo ya zile ambazo walimu wa Kiingereza huzishika kwa mikono miwili wanapozitaja. Ilihusu kijana fukara aliyempenda binti wa matajiri, akamkosa, akaenda kutafuta mali kwa njia safi na chafu, kisha akanunua jumba na kufanya karamu kubwakubwa akitumaini kwamba mwanamke yule, ambaye sasa ni mke wa mtu, siku moja ataingia mlangoni. Niliisomea jikoni, kwa kuwa chumba changu kilitosha kitanda na masanduku ya wazazi tu, na mama alikuwa akipiga pasi sare yake ya kazi hapo hapo. Alikuwa ameishia kidato cha nne, lakini alipenda hadithi kupita mtu yeyote niliyemjua. "Nisimulie," aliniambia. "Na iwe Kiswahili. Kiingereza kimenichosha kutwa nzima." Mimi niliyezoea kumjibu kwa Kiingereza nikalazimika kutafuta maneno, na kila jioni, baba akijiandaa kwenda zamu yake ghalani, nilimsimulia sura moja. Aliwacheka wale matajiri. Aliuliza walipikiwa nini. Yule kijana, mama alimwita maskini wa Mungu hata alipokuwa na jumba.

Nyumba ya Anko Simiyu ilikuwa mbele ya Northfield, kule mji unapoanza kuchoka na miti kuwa mingi. Alikuwa na kampuni ya kupeleka wahudumu majumbani kwa wazee, na nyumba kadhaa za kupangisha, na hakuwa na mke wala mtoto. Jumamosi ile tulikuta mahema bustanini, mbuzi mzima juu ya makaa, spika kubwa, na Wakenya ambao sijui walitoka wapi wote: wauguzi, wanafunzi, wachungaji, na vijana wa Nairobi walioongea Sheng kwa kasi hata baba akaomba atafsiriwe. Karamu ikawa kila Jumamosi. Watu walikula, wakacheza, wakabeba nyama nyumbani kwa karatasi ya foili, na wengi hawakumsalimu mwenye nyumba. Yeye hakuonekana kujali. Alisimama karibu na mlango wa bustani akiwa na glasi ya maji, na kila nilipomwangalia, alikuwa akimwangalia mama.

Ni Mama Brenda, rafiki wa mama wa tangu shuleni, aliyenipa habari iliyobaki. Tulikuwa tukiosha sahani kwa Anko Simiyu, yeye na mimi, naye alikuwa mtu asiyeweza kunyamaza mikono yake ikiwa majini. "Haya yote unayoyaona," alisema, akizungusha kidevu kuonyesha marumaru na taa, "ni ya mama yako. Huyu alitaka kumwoa. Babu yako akamfukuza kwa sababu kwao hawakuwa hata na ng'ombe. Akaondoka Kitale bila kumuaga mtu." Nilimuuliza kama baba anajua. Mama Brenda akanitazama, akakumbuka mimi ni nani, akasema, "Hebu nipe kile kitambaa."

Kuanzia siku hiyo sikulala vizuri. Nilikuwa nimetangulia kusoma na nilijua mambo kitabuni yanakokwenda, na kila jioni nilipofungua ukurasa jikoni nilihisi ninamsomea mama maisha yetu. Nikaanza kuruka. Nilipofika pale wapenzi wale wanapokutana tena, nilieleza habari za hali ya hewa. Mama akainua pasi. "Umeruka kitu."

"Sijaruka."

"Nanjala, mimi nimekuzaa. Umeruka." Hakunilazimisha. Alirudi kwenye sare yake na kuipiga pasi mahali palipokwisha kunyooka, mara nyingi, mpaka nikaogopa itaungua.

Mwezi wa Mei ghala alilofanya kazi baba likapunguza watu, naye akawa miongoni mwao. Alikaa nyumbani akirekebisha vitu visivyoharibika. Jioni moja Anko Simiyu alipita na mfuko wa maembe, akaketi, akasema kampuni yake inahitaji mtu wa kusimamia madereva, na mtu huyo ni baba akitaka. "Hapana," mama akasema kutoka jikoni. Lilikuwa neno la kwanza alilolisema tangu mgeni aingie. Baba akageuka polepole. "Kwa nini hapana, Mama Nanjala?" Sote tulisubiri. Nilisikia treni ikiingia stesheni, milango yake ikifunguka, ikifungwa, nayo ikaondoka, na mama bado hajajibu. Baba akamwambia Anko Simiyu kwa sauti ya upole kwamba atafikiria. Usiku ule na siku zilizofuata walilala migongo imegeuziana. Nyumba ilikuwa ndogo, hata ukimya ulipita ukutani.

Hatukukosa karamu hata hivyo. Kukosa kungekuwa kusema jambo mbele za watu, na nadhani hakuna kati ya wazazi wangu aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Jumamosi moja ya Juni, jua likiwa kali kwa namna inayowashangaza watu wa mji huu, Anko Simiyu alikuja mezani petu baba alipokuwa amekwenda kwenye makaa, akamwomba mama apande juu aone kitu. "Njoo na Nanjala," alisema. "Kinamhusu." Mama alisita. Kisha akasimama ghafla, kama mtu aliyeamua kung'oa jino.

Alitufungulia mlango wa chumba ghorofani. Kilikuwa na dirisha pana linalotazama bustani, kitanda chenye shuka za buluu, meza ya kusomea yenye taa, na rafu ndefu ya vitabu vipya. Kimoja kilikuwa kile kile tulichosoma shuleni, chenye jalada gumu, sijui alijuaje. "Hiki ni cha Nanjala," alisema. "Nimekitengeneza mwenyewe. Rangi nimepaka mwenyewe." Nitasema kweli, nilikitaka chumba kile. Nilikitaka mpaka nikaona aibu, na wakati uo huo nilitaka kukimbia hadi Acocks Green kwa miguu.

"Simiyu," mama akasema, "mtoto huyu ana chumba."

"Chumba, Risi? Anasomea mezani jikoni."

"Ndiyo. Mimi napiga pasi, yeye ananisomea. Nani amekuambia tunateseka?"

Hapo tukasikia hatua kwenye ngazi. Baba alitokea mlangoni akiwa na sahani ya nyama aliyomchagulia mama, mbavu, bila mafuta, anavyopenda. Akatazama kitanda, akatazama meza, akanitazama mimi. Chini muziki uliendelea na watu walikuwa wakicheka. Anko Simiyu hakurudi nyuma. "Wafula," akasema, "sitaki kukuficha. Nimemngoja miaka yote hii. Kila nilichonunua nilikinunua nikimfikiria."

Baba aliweka sahani juu ya meza ile mpya, taratibu. Mikono yake ilikuwa mikubwa na nilidhani sasa atampiga. "Najua," alisema. "Nilijua siku ile ya mvua. Kazi yako sikuitaka, lakini nilinyamaza kwa sababu nilitaka mke wangu achague bila mtu kumsukuma." Akamgeukia mama, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimwita kwa jina. "Rispa, mlango wa nyumba yangu uko wazi. Sikuzuii."

Nilimtazama mama usoni. Nilitarajia machozi, lakini alikuwa amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Mnanizungumzia kama sipo," alisema. "Simiyu, msichana unayemtafuta ulimwacha Kitale bila kwaheri. Alilia mpaka akamaliza. Mimi ni mtu mwingine, na hujawahi hata kuniuliza siku hizi napenda nini. Wewe unaniita Risi tu." Akamkabili baba. Sasa sauti ilivunjika. "Na wewe. Miezi miwili unaniachia mlango wazi kama mimi mgeni. Nani alikuomba uwe mwema hivyo? Nizuie, Baba Nanjala! Hata kidogo. Nijue kwamba unanitaka."

Baba akavuka chumba kile kwa hatua chache, akamshika mama kiwiko, akamshika vibaya, kama mtu anayedaka chombo kinachoanguka, akasema, "Twende nyumbani. Nakuomba. Twende." Tuliondoka kwa mlango wa mbele bila kuaga. Ndani ya basi aliendelea kumshika kiwiko vile vile, na mama aliegemeza kichwa dirishani akalia kimyakimya hadi tulipofika, na mkono wake haukujaribu kujinasua.

Karamu ziliendelea kidogo, kisha zikakoma. Baba alipata kazi ya kusafisha mabasi. Mimi nilimaliza kitabu, na jioni moja mama akaniambia nimsimulie mwisho, bila kuruka. Nikamwambia yule tajiri alikufa. "Nani alimzika?" akauliza. Nikasema karibu hakuna mtu. Wote waliokuwa wakila kwake hawakuonekana. Mama alizima pasi.

Mwezi wa Novemba Mama Brenda, aliyekuwa muuguzi, alituambia Anko Simiyu amefanyiwa upasuaji wa moyo na kwamba wadi nzima haijamwona mgeni wake hata mmoja. Mama alimtazama baba. Baba akatazama viatu vyake kwa muda, kisha akapanda juu na kurudi na mashine yake ya kunyolea. Tulimkuta Anko Simiyu amekonda, ndevu zimemjaa mvi, kitandani anaonekana mfupi. Aliona ni sisi, akageuza uso ukutani. Mama alimimina uji kwenye kikombe. Baba akavuta kiti, akamgeuza kidevu kwa vidole viwili, akaanza kumnyoa. Machozi ya mgonjwa yalipita ndani ya nywele zilizokatwa, na baba aliyafuta kwa kitambaa pamoja nazo, akaendelea na shavu la pili.

Sasa ninaishi Northfield, katika nyumba ambayo mama huiita hoteli. Mume wangu ana chumba cha kazi, binti yetu ana chake chenye kila kitu ambacho mtoto anaweza kutaka, nami nina changu cha kushonea. Tunapendana, sina shaka na hilo. Lakini majira ya baridi yaliyopita niligundua kwamba nilikuwa nikimwita mtoto chakulani kwa ujumbe wa simu, na kwamba ningeweza kumaliza jioni nzima bila kusikia mtu akikohoa. Wazazi wangu, kwa mishahara yao miwili midogo, hawakuwahi kupata nafasi ya kupoteana hivyo. Basi Januari nilizima joto la vyumba vyote, nikaacha sebule peke yake. Siku ya kwanza mume wangu alidhani mtambo umeharibika. Siku ya pili alishuka na tarakilishi yake, akaketi pembeni, amenuna. Binti yangu ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni amejifunga blanketi, akilalamika kwa Kiingereza kwamba baridi itamuua huko juu na kwamba mimi si mzima. Nikasogea kwenye kochi, nikamwambia kwa Kiswahili aje akae.