Mabati ya Upande wa Ziwa

Baba yangu angesimama upande gani, wa mama au wa ndugu zake? Nimesoma hadi chuo kikuu, nimefika makamo, na bado sijui.

Alikuwa ameshazikwa wakati dhoruba ilipotoka ziwani na kupita kijijini kwetu, nje kidogo ya Kisumu, ikabeba paa lote la kanisa na kulitupa shambani. Kwetu iling'oa misumari ya upande mmoja tu. Mabati yakabaki yakipigapiga kila upepo ulipojitikisa. Redio ilionya kwamba dhoruba nyingine ziko njiani. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya migomo, nami nilikuwa nyumbani. Nilijua kwamba upepo huanza na bati lililolegea.

Tulimwita fundi. Alilitazama paa, akacheka kwa aibu.

"Mama, nikipanda hapo, kesho watasema mimi ndiye mrithi wako. Na mke wangu ana panga."

Ndivyo ilivyokuwa kwetu: nyumba ya mjane haikuguswa mpaka akubali kurithiwa na shemeji yake mmoja, na huyo ndiye aliyetengeneza paa. Mama alikuwa amekataa. Jioni ile baba mdogo alikuja, akaketi bila kukaribishwa.

"Shemeji, mawingu unayaona. Sema neno moja tu, kesho napanda."

"Na nisiposema?"

"Utalala mvuani na watoto wako."

"Upepo ulipokuja haukuuliza kama nimerithiwa."

"Mwanamke hapandi paa katika boma hili. Ni mwiko!"

"Basi njoo kesho unishikie ngazi, shemeji, maana nitapanda."

Aliondoka akicheka. Mimi sikucheka. Niliuogopa mwiko ule, na hakuna mhadhara uliowahi kuniondolea hofu hiyo. Lakini wadogo zangu walilala chini ya mabati yaleyale.

Asubuhi mama alijifunga leso kiunoni, akaegemeza ngazi ukutani, majirani wakitazama kutoka nje ya ua. Baba mdogo hakuja. Nikaishika ngazi mimi. Mama alipanda, akafunga kila boriti kwenye nguzo kwa waya, akapigilia msumari mmoja baada ya mwingine, na kila nyundo ilipotua, ilitua kwa nguvu kuliko msumari ulivyohitaji.