Marehemu Wangu wa Kapata

Nikipita mtaa wa Kapata bado ninajifunika kitambaa usoni, nanyi mkitaka kucheka chekeni, maana hakuna anayenidharau kuliko ninavyojidharau mwenyewe.

Ninaongoza na kufundisha teatre, michezo ya kuigiza, elimu niliyoiokota kwenye video za simu, na mtu aliyejifundisha peke yake ana ugonjwa mmoja: anataka kila kitu kiwe kamili ili asigunduliwe. Siku hiyo mkuu wa shule moja ya Manika, Tata Prefe, alikuwa anakuja kutazama mazoezi yetu aamue kama atanipa darasa, kazi yangu ya kwanza ya kweli. Mchezo ulianza na kilio cha msiba. Nami, fundi mkubwa, nikauona ukumbi wa parokia ni uongo mtupu, nikahamishia mazoezi mbele ya nyumba ya mwigizaji wangu Kalonji, nikafunga turubai, nikapanga viti vya plastiki, nikawasha moto wa kuni, na nikakataza mtu yeyote asiwaambie majirani. "Nataka ukweli," nilisema (mikono mgongoni, Mungu anisamehe).

Kapata, turubai na moto mbele ya nyumba ni msiba, havihitaji maelezo. Mara akina mama wa jirani wakafika na kuni kichwani, wakakaa chini, wakalia kuliko waigizaji wangu walivyowahi kulia, na badala ya kuwasimamisha nikanong'ona, "Endeleeni!" Tata Prefe akafika, akavua kofia, akainamisha kichwa. Nikajiona nimefika.

Kalonji alikuwa kwenye godoro, amekufa vizuri sana, kifua wazi, kaptula tu (wazo langu, eti marehemu alikuwa mchimbaji). Ndipo taksi-moto, pikipiki ya abiria, ikasimama na Mama Ngalula, mama mkwe wake aliyefikiwa na habari za msiba, akashuka, akajitupa kwenye udongo akipiga yowe:

"Mukwe wangu ee! Mutoto wangu unamuachia nani?"

Sasa, kwa watu wa Kasai kama Kalonji na mkwewe, mwanaume hamwonyeshi mama mkwe hata bega. Wakikutana njiani, mwanaume ndiye anayeacha njia. Mimi mpenda ukweli sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Kalonji alifumbua jicho moja, akamwona anakuja kumkumbatia, na marehemu akaruka, akanyakua shuka, akatokomea nyuma ya nyumba.

"Mufu anakimbia!"

Walikimbia wote. Viti vikavunjika, turubai likawaangukia waigizaji, na Tata Prefe akawapita akina mama kwa mbio, kofia akaiacha.

Vumbi lilipotulia, Mama Ngalula alisimama mbele yangu.

"Weye njo uliua mukwe wangu?"

"Mama, ilikuwa teatre tu."

"Teatre? Mi najitupa mu bulongo mbele ya bantu, na kifua ya mukwe wangu nimeiona! Sasa ntaisahau namna gani?"

Tata Prefe alirudi kuchukua kofia. Aliipangusa polepole, bila kunitazama.

"Mwalimu, mi nilikuwa nasali kweli. Batoto ba masomo yangu bako na bazazi, na bazazi bako na bakwe. Bakia na teatre yako."

Darasa likaisha kabla halijaanza. Kalonji alitakiwa kumpelekea mama mkwe mbuzi wa kuondoa aibu, na aliyemnunua na kumvuta Kapata nzima ni mimi, huku wanawake wakiniuliza kutoka milangoni, "Mwalimu, na huyu naye atakufa mu teatre?"

Siku hizi ninafundishia ukumbini, milango imefungwa, na marehemu wangu wote wanavaa shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni.