Kaburi Lisilokuwa Kwenye Ramani

Kila Jumamosi ya pili ya Oktoba, watu wa Hobart Ferry, mji mdogo wa milimani California, huvaa nguo za marehemu wakaenda kusimama makaburini. Si wazimu. Wageni wanaopanda kutoka Sacramento na baiskeli juu ya magari yao, wakishachoka na milima na mto, hupewa ramani ya makaburi ya wachimba dhahabu wa kale. Kwenye kila kaburi mwenyeji mmoja hujifanya marehemu na kusimulia maisha yake. Akimaliza hupigiwa makofi, nao husogea kaburi linalofuata.

Orrin Tackett, mstaafu wa kiwanda cha mbao, alikuwa mchimbaji Ezra aliyekufa kwa kuhara. Alikufa hivyo miaka kumi na minne mfululizo, na hakuna mtu mjini aliyekufa vizuri kumshinda.

Mwaka huu maji yalizidi unga. Mkewe, Verlene, alifariki mwezi wa Machi. Majirani walileta mabakuli ya tambi na jibini, wakatoa pole zao, na tangu hapo hakuna aliyetaka kulisikia jina lake. Orrin akilitaja dukani, mtu hukumbuka ameacha gari likinguruma. Akilitaja kanisani, mazungumzo hugeukia theluji. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ya nyumba tupu aliijua Orrin. Na kulikuwa na jambo moja kuhusu siku aliyokufa Verlene ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alitaka kulitoa, kwa yeyote yule.

Asubuhi hiyo Opal Haskins, msimamizi wa shughuli, alimkagua mavazi.

"We Orrin, una uhakika utaweza? Usije ukatulilia pale wageni wakakimbia."

"Mimi ni maiti mzoefu, Opal."

"Basi ufupishe! Mwaka jana ulikata roho dakika ishirini nzima."

"Kufa hakutaki haraka. Hivi, Opal, unakumbuka Verlene alivyokuwa..."

"Jamani, ramani zangu nimeziacha wapi?" alisema Opal, akatokomea.

Orrin akalipita kaburi la Ezra, akapanda mpaka kwenye msonobari mmoja, akasimama kwenye kaburi la Verlene. Jiwe lilikuwa bado halijaletwa. Palikuwa na kibao cha mbao tu, na kwa kibao hicho kaburi lilionekana la kale kuliko yote. Wageni kama kumi hivi walimwona mzee mwenye kofia iliyopondeka, wakageuza ramani huku na huku, wakamfuata.

"Anaitwa Verlene," alisema. "Kuimba alikuwa hajui, na kutwa alikuwa anaimba. Maharage yake chumvi tupu. Kwenye kuvua samaki alinishinda, na hakuniacha nisahau. Asubuhi ile naenda kuvua, akaniambia, 'Sijisikii vizuri, mzee wangu, urudi saa nne.' Saa nne ikafika, na samaki wanakula chambo si mchezo. Nikasema, lisaa limoja tu. Nilirudi na samaki watano. Nikamkuta sakafuni jikoni, na kahawa yake bado ina joto."

Akaivua kofia yake.

"Ningerudi saa nne ningemkuta mzima. Sijawahi kumwambia mtu."

Wakapiga makofi, tena kwa nguvu, na mmoja akapiga mluzi. Mama mmoja mwenye viatu vya kupandia milima alimshika mkono huku akijifuta macho.

"Babu, umeniliza! Hilo la samaki nani kawatungia?"

"Hakuna aliyetunga, mama. Ni mke wangu."

"Mnamwona? Hatoki kwenye mchezo hata kidogo!" aliwaambia wenzake. Wakacheka, wakateremka kwenda kaburi linalofuata.

Orrin akabaki na Verlene. Upweke ulimzidi kuliko hata ule wa Machi, maana sasa alikuwa amelisema jambo lake mbele ya watu, na bado alikuwa nalo peke yake. Kundi la pili likatokea langoni na ramani zao. Akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akawapungia wapande.