Mipini Sita ya Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kutoka. Katika miaka ile ya hamsini, wenzangu wa nyumba za reli pale Nakuru walikuwa wakimaliza kazi Jumamosi saa saba, wanakwenda mpirani au wanakwenda kulewa. Mimi nilikuwa navua viatu na kutafuta kitu cha kutengeneza. Mke wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba kitu kikionekana kizima nyumbani mwetu, basi bado sijakiona.

Ndivyo nilivyofika kwenye visu.

Vilikuwa visu vya mezani, sita, vyenye mipini myeupe iliyofanana na pembe ya ndovu lakini haikuwa pembe. Mama mkwe wangu alikuwa akifua nguo kwenye shamba la mzungu huko juu ya Molo, upande wa Kuresoi. Memsahibu wake aliporudi kwao alimwachia visu hivyo katika kisanduku chenye nafasi sita zilizochimbwa ndani. Mama hakuvitumia hata siku moja. Alimkabidhi binti yake siku ya arusi yetu, mbele ya watu, akavigusa kimoja kimoja kwa kidole.

"Sita," alisema. "Siku moja nitakuja nile navyo."

Sasa, pale kwenye nyumba za reli tulikuwa na desturi ya kuazimana vyombo. Mtu akibatiza mtoto, kila mke hupeleka alichonacho: sufuria, vikombe, sahani, visu. Kila chombo hutiwa alama. Huyu hufunga uzi mwekundu kwenye sikio la kikombe, yule hupaka rangi chini ya sufuria. Sherehe ikiisha, vyote huoshwa pamoja katika karai moja, kila mmoja akachukua vyake. Mke wangu alifunga uzi kwenye mipini. Uzi ukafunguka kwenye maji ya moto. Vilikwenda visu sita kwenye ubatizo wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, vikarudi vinne.

Mwenye sherehe, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi stesheni, alifungua kabati lake lote. Visu vyake navyo vilikuwa na mipini myeupe. Maandishi ya kwenye bapa yalikuwa yameliwa na mchanga wa kusugulia, yake na yetu pia.

"Shemeji," aliniambia, "kama unavijua vyako, chukua. Mimi hata vyangu sijui ni vingapi."

Nilivitazama kwa muda mrefu kama mtu anayejua kitu. Sikujua kitu. Tukarudi nyumbani.

Hapo ndipo elimu yangu ya sekondari ilipojitokeza. Nilikumbuka mwalimu wetu wa sayansi akisema kwamba kuna mipini na vifungo vinavyotengenezwa kwa maziwa yaliyogandishwa yakawa magumu kama mfupa, na kwamba vitu hivyo hushika rangi. Nikamwambia mke wangu nitavitia rangi vile vinne, visipotee tena.

"Mipini ya maziwa," alisema. "Kwa hivyo nivifiche paka asivione?"

Nilinunua dukani pakiti ya rangi nyekundu ya kutia nguo na chupa ndogo ya siki. Nilichemsha maji katika mkebe, nikatia rangi na siki kidogo ili rangi ishike, kisha nikavuta makaa pembeni, maana maji yakitokota sana gundi inayoshika mpini huachia. Nilivifunga visu kwa kamba kwenye kijiti na kukilaza juu ya mkebe, mipini ikiwa majini na bapa juu. Nikakaa kando na saa mkononi. Mke wangu alipita mara tatu kuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Baada ya nusu saa nilivitoa, nikavisuuza. Vilikuwa vyekundu kama nyanya, na rangi haikutoka hata kwa sabuni. Vidole vyangu pia havikutoka rangi, na Jumatatu kazini niliulizwa nimechinja nini. Nilijibu kwa majivuno makubwa.

Majivuno hayo yalidumu hadi barua ilipofika kutoka Molo. Mama mkwe angekuja Nakuru kumwona mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Lanet. Angelala huko, maana kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Lakini Jumapili angekuja kwetu kula chakula cha mchana.

Mke wangu alikunja barua ikawa ndogo kama stempu.

"Kitu cha kwanza atafungua kile kisanduku," alisema. "Akiona nafasi mbili tupu, hatanigombeza. Atanyamaza tu. Wewe hujui kunyamaza kwa mama yangu."

Hakucheka. Siku hiyo sikutengeneza kitu chochote.

Ijumaa yule jirani aliingia na visu vyake vimefungwa kwenye kanga.

"Shemeji, nimeona vyekundu vyenu. Nitilie na vyangu, lakini kijani. Sitaki kufanana na nyinyi."

Vilikuwa vinane. Nilivitia kwenye rangi ya kijani kwa njia ileile: siki, kijiti, saa mkononi. Nilikuwa nimeshajiona fundi, nikamweleza mambo ya maziwa hadi akapiga miayo. Nusu saa ikapita, nikainua kijiti.

Visu sita vilikuwa vyeupe vilevile, vina uchafu wa kijani kidogo uliotoka kwa kidole. Viwili vilikuwa kijani kibichi kabisa, kama majani ya mahindi baada ya mvua.

Tulivitazama sote watatu. Jirani ndiye aliyetangulia kuelewa, akaangua kile kicheko chake.

"Mama Watoto! Visu vyako vimejitaja vyenyewe! Kumbe nimekuwa nikimenyea viazi kwa mali ya mama yako!"

"Vya kwako ni vya nini basi, havitaki rangi?" mke wangu aliuliza, huku ameshavishika vile viwili kwa mikono miwili.

"Vya kwangu havinywi maziwa," alisema jirani, akafunga vyake sita akaenda.

Sasa tulikuwa na visu sita: vinne vyekundu, viwili kijani. Mke wangu aliniangalia.

"Mama alitoa visu vya aina moja."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, yuko na fundi. Jumamosi nilivitia vile viwili kwenye rangi nyekundu. Yeyote aliyewahi kuchora shuleni angejua kitakachotokea. Mimi darasa la kuchora nililikimbia. Havikuwa vyekundu. Vilitoka hudhurungi, rangi ya chai iliyosahaulika motoni. Ikabidi vile vinne navyo viingie kwenye kijani ili vifanane. Kufikia jioni vyote sita vilikuwa vya rangi moja, ingawa si rangi ambayo mtu angeiomba.

Jumapili mama mkwe alifika. Mimi, kwa desturi yetu, sikukaa naye meza moja. Nilimsalimu kwa mbali, nikaingia chumbani nyuma ya pazia, nikasikiliza. Nilisikia kisanduku kikifunguliwa. Kisha nikasikia ule unyamavu. Mke wangu alikuwa amesema kweli.

"Vyangu vilikuwa vyeupe," alisema mama hatimaye.

"Mkweo alivitia rangi, Mama. Visipotee kwenye sherehe za watu."

Nilisikia kisu kikiwekwa mezani, kisha kingine, kisha kingine, polepole. Nilihesabu naye, nimeshika pazia.

"Sita," alisema. "Haya, leta nyama."

Walikula muda mrefu, na mke wangu alicheka mara mbili, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ile barua. Mama alipokuwa akiondoka alisimama karibu na pazia, akamwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie mkwe wangu nimeshukuru. Na mwambie kile kiti nilichokalia ni kizuri hivyohivyo kilivyo."

Nilikuwa nimeshanunua vanishi.