Nesi wa Mnero aliyenifundisha kumuuguza Issa

Wakuu, heshima kwenu.

Nina miaka themanini na saba, natype kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Miaka ya hamsini mume wangu Issa aliendesha trekta kwenye mashamba ya karanga Nachingwea. Kijana wa Mbekenyera, mrefu, mcheshi. Ghafla akaanza kuhema kama mzee, miguu ikavimba.

Siku hizi mnaita heart failure. Sisi tuliambiwa moyo umechoka, hautapona, ila anaweza kuishi nao.

Tukapanga chumba Mnero, karibu na kliniki ya kanisa. Kila Alhamisi Nesi Paulina alikuja kwa baiskeli. Anambonyeza Issa miguu, anahesabu mapigo na vidonge vilivyobaki, kisha anaonja mboga yangu aone kama nimetia chumvi, maana alimkataza Issa chumvi. Sisi Waislamu, yeye Mkristo, na sufuria moja!

Shida ikawa hamu ya kwao. Issa alipakumbuka Mbekenyera mpaka chakula kikamshinda. Alitaka amsikie mama yake akigomba kwa Kimwera, basi.

Alhamisi moja natoka kisimani, hayupo. Nesi alipofika tukamfuata. Tulimkuta njia ya Ruangwa, ameketi kando, pumzi hana.

Nilidhani atamfokea. Wapi. Alimpandisha kwenye baiskeli, tukaisukuma polepole hadi nyumbani. Issa alipotulia, Nesi akamuuliza:

"Issa, ulitaka kufa?"

"Hapana, Nesi. Nilikuwa nakwenda nyumbani."

Akanigeukia.

"Basi Somoe, itabidi ujifunze kazi yangu."

Miezi miwili nikajifunza. Mapigo yakienda taratibu mno, kidonge kisubiri. Kifundo cha mguu nipime kwa uzi, nifunge fundo palipofika. Kusoma sikujua wakuu, ila fundo nalijua.

Tukapanda lori la korosho hadi Mbekenyera. Mama mkwe alipomwona mwanawe alianza kugomba hapo hapo, huku analia. Issa akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka mwaka mzima.

Kila mwezi nilimpa dereva wa lori uzi ampelekee Nesi. Akirudi huleta vidonge na maagizo: "Apunguze maji," au, "Mlete achomwe sindano." Mara mbili nilimpeleka.

Issa aliishi miaka mitatu kwao. Akafariki msimu wa ufuta, asubuhi, mama yake akimsemesha.

Mwezi ule sikutuma kitu. Siku chache baadaye lori likasimama, Paulina akashuka.

"Kimya chako kimenileta," akasema. Akavua viatu, akaketi mkekani na wafiwa.

Wakuu, nilichojifunza: ugonjwa usiopona unataka mtu wa kurudi na kurudi tena. Na mgonjwa ana hamu zake, msimzike nazo.

Nimeolewa tena, nimezaa, nina vitukuu. Issa bado namkumbuka.

Mwenye mgonjwa wa moyo nyumbani, tuambie hapa chini: nani huja kumwona?