Daktari Hakunigusa Tumbo

Vijana wenzangu, nawasalimu, na namshukuru Mungu kwamba nawasalimu nikiwa na pumzi. Mwalimu wetu wa vijana aliniomba nisimame mbele nitoe ushuhuda. Nilimwambia nikisimama mbele nitazirai, halafu mtaanza kuniombea upya. Akasema basi niandike, yeye atasoma. Kwa hivyo mkisikia haya, mimi niko viti vya nyuma karibu na mlango. Tafadhali msigeuke.

Wengi wenu mnajua kwetu, kule juu upande wa Kibirichia. Sikuwa mtu wa kuugua. Nilikuwa nabeba viazi kutoka shambani hadi barabarani bila kupumzika, na chakula sikuchagua. Kitu kilichonishinda kilikuwa ni kuongea. Wageni wakija nilijificha nyuma ya tangi la maji mpaka waende.

Mwaka huo nilimaliza darasa la nane, na Desemba nikatahiriwa pamoja na wenzangu. Aliyenisimamia ni Ankel Koome, mdogo wa baba. Baba mwenyewe anafanya kazi Isiolo na huja mara moja moja. Wavulana mnajua tunavyofundishwa kule: mwanaume halii, hakunji uso, haulizwi mara mbili. Siku ya kisu sikukunja uso. Ankel alijivuna akawaambia hadi wauza mboga sokoni. Ilikuwa sifa yangu ya kwanza maishani, kwa sababu darasani sikuwa nayo hata moja.

Nilikuwa nimetoka tu kibandani tulikokuwa tukiuguza kidonda, nangojea kwenda Form One, wakati ugonjwa ulianza. Ilikuwa Jumamosi. Githeri ilinishinda, na hiyo peke yake ingetosha kumwambia Mama kuna shida, lakini nilimpa mbwa wetu sahani yangu. Maumivu yalikuwa hapa kwa kitovu, kama mtu anakamua nguo ndani yangu. Nikaenda kutapika nyuma ya zizi, nikafunika na mchanga. Jumapili asubuhi maumivu yakashuka chini upande wa kulia, yakakaa hapo. Nikitembea nilikuwa nainama kama mzee.

Mama alitoka kanisani akaja hadi mlango wa chumba changu. Hakuingia, kwa vile nilikuwa nimeshakuwa mkubwa na mama haingii ovyo kwa kijana.

"Kirimi, una nini?"

"Tumbo kidogo."

"Kidogo gani na uso umekuwa kama jivu? Koome! Kuja upeleke huyu mtoto kwa daktari."

"Mtoto yuko wapi hapo?" Ankel akajibu kutoka nje. "Huyo ni mwanaume, mama Kirimi." Lakini alinipeleka.

Kituo cha afya sitakitaja jina. Siku za wikendi huwa na daktari mmoja tu wa zamu, na foleni ilikuwa ya watoto wanalia na mama zao wamechoka. Zamu yetu ilipofika Ankel aliingia na mimi. Nikakaa kwa kiti, mgongo wima, mikono kwa magoti.

"Unaumwa wapi?" daktari akauliza huku anaandika.

"Tumbo."

"Sana?"

Nilimwangalia Ankel. Yeye pia alikuwa ananiangalia.

"Kiasi," nikasema.

"Huyu, daktari, ni chuma," Ankel akaingilia. "Desemba kisu kilipita hapa na hakupepesa hata jicho."

Daktari akacheka, akainua macho kidogo. "Naona. Mtu wa ugonjwa mbaya hawezi kukaa hivi. Hiyo ni gesi, na labda minyoo. Mlimshindilia nyama sana kule kibandani." Akanipatia tembe na chupa ya dawa nyeupe ya kunywa. Hakutoka kwa kiti chake. Hakunigusa mahali popote.

Nikasema asante, daktari.

Jumatatu asubuhi nilisikia kitu kikiachilia ndani, na maumivu yakapungua papo hapo. Nilimwambia Mama dawa imefanya kazi, akaimba akienda kukamua ng'ombe. Kumbe kitu hicho ndio kilikuwa kimepasuka. Ilipofika saa za chakula cha mchana tumbo lote lilikuwa gumu kama ubao, nina joto na bado natetemeka mpaka meno yanagongana. Nilitapika maji ya kijani. Halafu nikalia. Sikulia kiume, nililia kama mtoto aliyemwagikiwa na uji moto, na majirani wakaja mbio. Mama hakusimama mlangoni tena. Aliingia akanishika kichwa. Ankel alikuja akaniona, akavua kofia yake akaitupa chini, akakimbia kuwasha pikapu ya viazi.

Sitawaeleza kila shimo la barabara ya kwenda Meru. Nililijua kila moja kwa tumbo.

Kule hospitali kubwa daktari wa upasuaji alifanya kitu kimoja rahisi. Aliweka vidole upande wangu wa kulia, akabonyeza polepole, halafu akaachilia mara moja. Alipoachilia nilipiga nduru hadi askari wa geti akachungulia.

"Kidole tumbo kimepasuka," akamwambia Mama. "Usaha umeenea. Tunaingia theatre sasa hivi."

Nilipoamka nilikuwa na mrija ubavuni. Ulikuwa unatoa maji ya rangi ya chai mbaya, na harufu yake sitaki kuwaambia. Nilikuwa na kiu lakini nilikatazwa hata tone la maji, mpaka matumbo yaamke. Njia ya kujua yameamka ni moja. Kila asubuhi sista alisimama mwisho wa kitanda akauliza mbele ya wodi nzima, "Kirimi, umejamba?"

Fikirieni mimi, mtu wa kujificha nyuma ya tangi.

"Bado," nilikuwa nanong'ona.

"Kijana, usituangushe," akasema mzee wa kitanda cha pili, ambaye mguu wake ulikuwa umefungwa juu kwa kamba. "Sisi wote tunakungojea wewe."

Siku ilipokuja nilimwita sista kwa mkono nikamwambia sikioni.

"Sikusikii!"

"Nimejamba!"

Wodi ikapiga makofi. Mzee akasema, "Huyo sasa ndio mwanaume." Nikaletewa chai ya rangi, na mpaka leo sijakunywa kitu kitamu kuishinda.

Kabla nitoke, daktari wa upasuaji aliuliza kama nilitibiwa mahali kwanza. Nikamwambia.

"Alikugusa hapa?"

"Hapana."

"Hata kukulaza kitandani?"

"Hapana. Aliandika tu."

Alifunga faili langu. "Ukipata nguvu, rudi ukawaambie. Si kwa ubaya. Mtu asipoambiwa ataendelea tu."

Nyumbani hayo maneno yalileta vita. Nilikuwa nimekonda, nguo za Form One zinaning'inia, na wenzangu walikuwa wameshaanza masomo. Mama alitaka aende asimame kwa geti la kituo apige kelele hadi daktari atoke. Baba kwa simu alisema tumshukuru Mungu tuachie hapo. Ankel ndiye alinisumbua zaidi kwa sababu alisema maneno ya maana.

"Utaenda kusema nini, Kirimi? Aliuliza kama unaumwa sana, ukasema kiasi. Mimi nilikuwa hapo. Halafu wikendi huku hakuna daktari mwingine. Huyo akifukuzwa, wale watoto wa foleni watatibiwa na nani?"

Usiku na mchana nilijiuliza ni kosa la nani. Ni kweli nilisema kiasi. Ni kweli pia kwamba tumbo langu lilikuwa hapo mbele yake, na vidole alikuwa navyo. Nikiamua kwenda, naona aibu. Nikiamua kunyamaza, nakosa raha. Nikaamua kunyamaza.

Halafu Jumapili moja baada ya ibada nikasikia watu wakisema Mwenda haonekani kanisani kwa sababu ya tumbo. Mwenda tulitahiriwa siku moja. Mama yake akasema, "Lakini tulimpeleka kwa daktari wa zamu jana, amempa dawa nyeupe."

Nilikuwa bado natembea nikishika kidonda, lakini nilienda kwao karibu mbio. Nilimkuta amelala.

"Mwenda, inauma wapi?"

"Niko poa."

"Usiniambie uko poa! Inauma wapi?"

"Wee, Kirimi, umeanza lini kuongea hivyo?"

Nikamfunua shati mwenyewe, nikabonyeza pale kulia, nikaachilia. Akacheka, eti namtekenya. Alikuwa amekula maembe mabichi, hakuna lingine, na jioni alikuwa nje na mpira. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya mlango wao. Nilimuuliza kama daktari alimgusa. Akasema hapana.

Kesho yake nikamwambia Mama tunaenda, lakini mimi ndiye nitaongea na yeye hatapiga kelele. Ankel akasema hatakuja. Tulipofika barabarani pikapu yake ilikuwa hapo inanguruma. "Pandeni," akasema, bila kutuangalia.

Msimamizi wa kituo ni mama mmoja nesi mwenye miwani. Alimwita daktari, ambaye alikuwa amekuja kuchukua ratiba ya zamu zake za mwezi. Nilieleza yote nikiangalia sakafu. Nilipomaliza, daktari akasema, "Lakini ulikuwa umekaa vizuri kabisa. Nilikuuliza."

"Uliniuliza mbele ya aliyenisimamia," nikasema. "Na nilikuwa nimetoka kibandani. Daktari, wewe ni wa huku. Ulitaka niseme nini?"

Ankel akakohoa. "Mimi ningetoka nje," akasema. "Hakuna aliyeniambia nitoke."

Nesi akaniuliza, "Sasa wewe unataka nini? Tumwandikie barua? Ahamishwe?"

Daktari alikuwa ameshika ukingo wa meza. Niliona kwamba naye anaogopa, na hiyo ikaniondolea woga wangu.

"Nataka awe anagusa tumbo," nikasema. "Na wanaume wakubwa wangoje nje."

Nesi alisema litazungumzwa na wafanyakazi wote, na kwamba daktari ataelekezwa upya na atasimamiwa. Daktari hakujitetea tena. Aliosha mikono kwenye karai, akamgeukia Ankel akamwomba atoke, akaniambia nilale kwa kile kitanda ambacho siku ile sikukiona. Mikono yake ilikuwa baridi. Akapita kando ya kovu langu polepole, anabonyeza, anangoja.

"Hapa inauma?"

"Ndiyo," nikasema. "Hapo inauma."

Namshukuru Mungu, na Mama, na daktari aliyenipasua, na wote mliokuja kuniona na maziwa hata kabla sijaruhusiwa kuyanywa. Nilichelewa Form One lakini sikuikosa. Wavulana, kisu cha Desemba ni siku moja, mkae kimya hiyo siku, lakini tumbo likiuma lieni. Wazazi na ankel, mkitupeleka kwa daktari, mngoje nje. Na mtu akitibiwa vibaya, arudi aseme kwa upole na kwa ukweli, hata kama sauti ni ndogo. Yangu ni ndogo sana, na walinisikia.