Mkono wa Kumi na Mbili

Enzi zile za dhahabu Nyangoto nzima ilikuwa imerukwa na akili, nami nilikuwa mstari wa mbele. Nilishinda naponda mawe ya wenzangu huku nacheka, maana nilijua ninachotaka: kuingia kwenye kikundi chenye duara, lile shimo la dhahabu lililokuwa nyuma ya shamba letu. Tatizo, katiba ya kikundi ilisema wanachama ni wanaume tu. Nikasema ibadilishwe. Ya nchi inabadilishwa, sembuse hii ya karatasi mbili?

Katibu alikuwa mwalimu wa uraia. Alituita kwenye chumba cha kanisa, akatufundisha kwanza. Bungeni, alisema, kubadilisha katiba kunataka theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliohudhuria tu. Na mambo makubwa ya Muungano yanataka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar. Sisi Zanzibar hatuna, akasema, ila wanachama ni kumi na wanane, kwa hiyo nataka mikono kumi na miwili.

Ikanyooshwa kumi na mmoja.

Wanne walikataa, na hao nilishawazoea. Wawili walikuwa msibani ng'ambo ya Sirari. Aliyebaki alikuwa baba mkwe wangu, naye alikuwa amekaa nje mlangoni, juu ya jiwe. Kwetu Wakurya mkwe na mkamwana hawakai chumba kimoja, na mimi, kwa kiherehere changu, nilikuwa nimejibwaga benchi la kwanza. Niliyekuja kupigania nafasi ndimi niliyemzibia njia mpiga kura wangu.

Mlangoni nisingeweza kupita, yeye yupo pale. Nikaparamia dirisha. Sketi ikanasa kwenye komeo, kikundi kizima kikaangua kicheko, hata wale wanne, nami nikaangukia kwenye mihogo ya mchungaji nikicheka kuliko wote.

Nikasikia baba mkwe akiinuka kwenye jiwe, hatua zake zikaingia ndani. Katibu akahesabu upya mpaka kumi na mbili. Nilicheza peke yangu katikati ya mihogo, sijali nani ananiona.

Kisha nikasikia sauti ya mzee. "Sasa andikeni kwamba mimi nimejitoa. Mkutano mmoja hauwezi kutukalisha sisi wawili, na duara analitaka yeye kuliko mimi."

Nikaacha kucheza. Nilitamani kumkimbilia nimshike miguu, lakini mila ni mila. Nilijificha nyuma ya ukuta mpaka akafika mbali, na shukrani zangu nikampa mume wangu ampelekee baba yake jioni.